Fundi wa Jikoni Yenye Ulimi

Fundi aliyenipangia jikoni hakuanza na kupima chumba. Alianza na maswali ya aibu. "Maman, ukichoka unaegemeaka wapi? Mutoto akilia, unageukaka upande gani? Chumvi unaiweka karibu na mukono gani?" Mimi niliona ananichezea. Nilikuwa na mugongo unaouma, na ndani ya roho nilikuwa na mambo mengine mazito, sikuwa na nafasi ya michezo. Nikamujibu: "Fundi, pima ukuta, mimi uniache."

Akasema: "Ukuta haipikake bugali."

Wajukuu wangu wananiuliza juu ya nini, ni kusema sababu gani, ukuta wa chumba chetu cha kulia iko na shimo, na juu ya nini lavabo ya kuoshea vyombo inatokea mule kama mutu anayechungulia. Siwezi kueleza shimo bila kueleza huyo mutu. Jina lake siandiki. Mutaa wote wa Nyalukemba, hapa Bukavu, tulimuita Fundi, na mafundi wengine waliitwa na majina yao, kwa hiyo mutaelewa.

Watu wakimukumbuka wanaanza na metre yake ya kupimia. Ilikuwa ile ya mbao, ya njano, ya kukunja, na kipande chake cha kwanza kilivunjika zamani. Haikuanza na moja. Ilianza na vingt, ni kusema ishirini. Kila alipopima kitu alisoma namba, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mutu anayeitikia litania: "Toa vingt." Meza: cent quarante, mia na arobaini, toa vingt. Dirisha: quatre-vingt-dix, tisini, toa vingt. Neno hilo lilimuingia mpaka likawa jibu la kila kitu. Mutu akisema, "Nimekamata samaki wa urefu huu," Fundi anasema, "Toa vingt." Kijana akijisifu mbele ya wakwe, Fundi anainama juu ya randa yake: "Toa vingt." Siku moja padri alihubiri saa nzima juu ya wema wa marehemu fulani ambaye sisi wote tulimujua vizuri. Nilimusikia Fundi kwa benchi ya nyuma yangu. Sisemi alisema nini.

Nilimuuliza: "Juu ya nini hautafute metre nzima?"

"Metre nzima inalalishaka mutu, Maman. Hii inanilazimisha kufikiri kila mara."

Niliona hiyo ni kiburi ya maskini. Baadaye niliona ni kweli. Baadaye tena nikaona ni vyote viwili.

Kitu cha pili watu wanakumbuka: hakuweza kusema uongo. Si kwamba alijikaza. Ulimushinda tu, kama vile wengine wanashindwa kuimba. Alikuletea kiti, unamushukuru, unataka kukaa, anakuzuia: "Ngoja. Hii muguu nilikosea. Ukiegemea kushoto italia." Kiti kizuri, hakuna macho ya mutu ambayo yangeliona kosa, na yeye analitangaza mbele ya wageni. Mukubwa mumoja wa mutaani, mwenye abacost tatu, zile suti za wakubwa wa wakati ule, alimuagiza kitanda cha kalitusi, mbao ya bei ndogo, halafu akamuomba amuambie bibi yake kwamba ni mbao nyekundu ya Bunyakiri. Fundi alileta kitanda, akasalimia, akasema: "Maman, hii ni kalitusi. Bwana yako alitaka niseme ingine." Akaenda zake. Yule mukubwa hakumupa kazi tena, na hakumusalimia tena. Fundi alishangaa kweli kweli. "Kwani kalitusi iko na mabaya gani?" aliniuliza. Hakuelewa kwamba tatizo haikuwa mbao.

Alikula akisimama, karibu na mulango, sahani juu ya kiganja. Hakukaa hata siku moja juu ya kiti alichotengenezea mutu. "Iko na mwenyewe," alisema. Kalamu yake ilikaa ndani ya nywele, aliitafuta kila siku. Akipiga randa aliimba nyimbo za misa za Kilatini ambazo hakujua maana yake. Akishika musumeno alinyamaza, na ole wako ukimusemesha. Siku za kazi hakugusa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Siku ya Mungu, baada ya misa, alikunywa sawasawa, na akilewa hakugombana na watu, aligombana na benchi. Aliinama chini ya benchi ya mama muuza kasiksi, anachungulia: "Nani alikutengeneza weye? Anahema kweli huyo mutu?"

Na sasa niseme ubaya wake, juu mutu asiyekuwa na ubaya hakuishi. Bibi yake, kule juu mutaa wa Kadutu, aliosha vyombo chini, nyuma ya nyumba, anainama juu ya beseni. Fundi aliyepanga jikoni za watu! Mulango wa nyumba yake mwenyewe ulifungwa na kamba. Nilimukemea mara nyingi.

"Fundi, maman wa kwako anaosha vyombo mu matope."

"Ya kwangu itakuya, Maman."

"Lini?"

"Nikimaliza ya batu."

"Batu habaishake, Fundi. Kila siku kuko mwingine."

Alichukua kalamu ndani ya nywele, akaiangalia, akairudisha.

Sasa ile jikoni yangu.

Ilikuwa ni miaka ile ya Zaïre ambayo tuliitana citoyen na citoyenne, ni kusema raia, hata kwa kugombania foleni. Bwana yangu alikuwa mutu wa biro, ofisi ya serikali. Alivaa abacost, kalamu mbili kifuani, na tulipewa nyumba ndogo ya matofali Nyalukemba, karibu na ziwa. Nyumba nzuri, lakini jikoni! Hatua nne kwa hatua tatu, na mulango unafungukia ndani unakula hatua moja. Ndani hakukuwa na kitu, robinet moja tu ya maji imetoka ukutani kwa urefu wa goti, kama kitu mutu alisahau pale. Niliosha chini, nilikata majani ya sombe chini, nilipika chini. Kama wanawake wote. Sikulalamika, sikujua kuna kulalamika.

Halafu mwaka mumoja wa mvua nilianguka na ndoo kwa ile mutelemuko wetu ya udongo mwekundu. Mugongo. Nililala majuma mengi. Daktari alinikataza kuinama: nisioshe chini, nisipike chini, pengine maisha yote. Nilirudi nyumbani nikisimama kama musalaba, na nyumbani nikamukuta mama mukwe wangu amefika kutoka upande wa Katana.

Mama mukwe alikuwa mwanamuke wa haki kwa njia yake. Aliniangalia siku tatu. Siku ya ine akamuambia mutoto wake, mimi niko pale pale nasikia: "Mwanamuke asiyeinama hapike. Nitakuletea binti mumoja wa kwetu, mupole, mwenye nguvu. Asaidie."

Sisi tunajua neno hilo. Binti wa kusaidia anaingia na mukeka, na mwaka unaofuata mukeka unahamia chumba kingine. Sikulia. Nilimuambia bwana yangu usiku ule maneno machache: "Huyo binti akilala hapa, mimi nalala kwa mama yangu." Na yeye alijua mimi sisemake kitu mara mbili.

Bwana yangu hakutaka binti, hiyo nitamupa. Lakini kukataa mama yake hakuweza pia. Akatafuta njia ya mutu wa biro: akaomba muda. "Mama, niache nipange jikoni kwanza. Nitaweka lavabo na makabati, atafanya kazi akisimama." Mama yake alicheka mpaka akafuta macho. "Mule ndani? Mule hata kuku akiingia anatoka kinyumenyume." Halafu akasema neno lake: "Sawa. Nitarudi Jumatatu ya Pasaka na binti. Jikoni ikiwa ya kweli, binti atakula, atarudi. Ikiwa ya mudomo, atabaki."

Ndipo tulimuita Fundi, mwanzo wa Kwaresima.

Nimesema alianza na maswali. Halafu akanisimamisha ndani ya jikoni, akanipa sahani, akasema nioshe hewa. Nikaosha hewa! Na mama jirani anachungulia dirishani, anauliza kama mugongo umepanda kichwani. Fundi akatia alama nyeusi ya makaa ukutani, pale mikono yangu ilipokaa bila kuinama. "Lavabo itakaa hapa." Akanipa mwiko: "Piga bugali." Nikapiga bugali ya hewa. Akatia alama ingine, chini ya ile ya kwanza. "Mbabula ya makaa itakaa hapa."

Nikasema: "Fundi, umekosea. Alama mbili haziko sawa."

"Haiwezi kuwa sawa. Sahani inaoshwaka na viwiko. Bugali inapigwaka na mabega. Mwenye kuweka vyote urefu moja hajapikaka siku hata moja."

Alitengeneza makabati kwa mbao nyekundu, ya chini na ya juu. Ya juu hayakupita pale mukono wangu unafika nikiwa nimekanyaga chini na kisigino. Ya chini aliyarudisha nyuma kwenye sakafu, upana wa ngumi, vidole vya miguu viingie, nisimame karibu bila kuinamia mbele. Milango ya kabati ya lavabo aliipasua mistari, unyevu upate kutoka. Mulango wa jikoni aliugeuza ufungukie inje, na hapo hapo tukapata hatua moja ambayo ilikuwa imeibiwa tangu nyumba ijengwe. Mimi nilisimama pale katikati, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke nilisikia njaa.

Ilibaki lavabo yenyewe. Wenye kusoma wanaiita évier, ile ndefu, yenye shimo la kuoshea upande mumoja na ubao wa bati wa kukaushia sahani upande mwingine. Wakati ule kupata moja haikuwa rahisi. Maduka ya wageni yalikuwa yamepewa wenye nchi, na wengine waliuza kilichobaki bila kujua jina lake. Bwana yangu alisikia kwamba kuna duka moja ambalo mutu mumoja amepewa, na mule kuna lavabo moja, ya mwisho. Mwenye duka aliiita "kitanda ya samaki."

Siku hiyo Fundi hakuwa kwetu, alikuwa Minova kuzika mutu wa jamaa yao. Lakini mufuko wake wa vyombo aliuacha jikoni. Bwana yangu hakutaka mwingine aiwahi lavabo. Akachukua metre ya Fundi, akapima ukuta kutoka kona mpaka kwa mulango, akapata mia na ishirini. Cent vingt. Akapima tena. Cent vingt. Akaacha metre, akaenda dukani: karatasi juu ya lavabo, cent vingt. Sawa sawa, kama pete na kidole! Aliirudisha juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaikimbilia nyuma na abacost yake yote imechafuka vumbi, na mutaa mzima unapiga makofi.

Watu wa biro wanaangalia namba ya mwisho wa karatasi. Mwanzo wanaona ni kazi ya wadogo.

Jumatano ya juma takatifu Fundi alirudi. Tukaingiza lavabo. Ilifunga robo ya mulango.

Fundi aliangalia lavabo, akaangalia ukuta. Hakupandisha sauti.

"Nani alipima?"

"Ni mimi," bwana yangu alisema. "Mara mbili. Cent vingt."

"Na nini?"

"Na metre yako."

Nilisikia maji yanadondoka kwa ile robinet ya zamani. Mimi ndiye nilisema.

"Toa vingt."

Bwana yangu alikaa chini, juu ya sakafu, na suruali yake ya kazi. Alielewa yote kwa mara moja. Kurudisha haikuwezekana, yule wa duka alikuwa amefunga, amekwenda kwao kwa Pasaka, na tena hakuwa na ingine. Kukata haikuwezekana, ilikuwa ya chuma yenye rangi nyeupe, ukiikata inapasuka na kuoza. Na Jumatatu mama yake anafika na binti. Ataikuta lavabo imelala sebuleni kama maiti, na atasema neno moja tu: ya mudomo.

Bwana yangu alisema polepole: "Mama atacheka mpaka afe." Nikamujibu: "Hatakufa. Atabaki yeye na binti yake." Nilikuwa na hasira, siombi musamaha.

Fundi hakutusikia. Alikuwa amegeukia kona, anagonga ukuta na kifundo cha kidole, sikio karibu, kama muganga kwa kifua cha mugonjwa.

"Hapa nyuma kuko nini?"

"Chumba cha kulia."

"Ukuta ni ya tofali moja, imesimama." Akagonga tena. "Na hapa, upande ule, nani anakaaka?"

"Mama mukwe akikuya, kiti yake iko pale."

Ndipo nilimuona Fundi anacheka kwa mara ya kwanza tangu nimujue.

Alhamisi alipima, alichora, alikwenda, alirudi. Ijumaa Kuu alifika asubuhi, na mimi nikamuzuia mulangoni. Kwetu siku ile mutu hapigilie musumari. Bwana wetu alipigiliwa siku ile, nyundo inalala. Jikoni au hakuna jikoni, kwangu nyundo haitalia Ijumaa Kuu.

"Nani alisema nyundo?" Fundi aliuliza. Akanionyesha mufuko: visi peke yake, ni kusema skrubu, na turnevisi.

"Visi siyo musumari?"

"Visi inazungukaka, Maman. Bwana balimupigilia. Habakumuzungusha."

Nilifikiri kidogo. Nikamuacha apite. Mpaka leo sijauliza padri.

Alilowesha udongo katikati ya matofali na kitambaa cha maji, akaukwangua na patasi bila kuipiga, akatoa tofali moja moja kama mutu anayetoa jino la mutoto. Ukuta ulifunguka bila kelele. Aliweka fremu ya mbao nyekundu pande zote za shimo, na boriti ndogo juu ili matofali ya juu yasishuke. Jumamosi jioni, kengele za kanisa zikirudi kulia, lavabo iliingia. Shimo la kuoshea kwangu jikoni. Ubao wa bati ulipita ndani ya ukuta, na ncha yake ilitokea chumba cha kulia, upana wa vidole vine.

Mutoto wangu wa kwanza, Zawadi, aliiona kutoka upande ule akapiga kelele: "Maman! Jikoni inatoa ulimi!"

Jumatatu ya Pasaka mama mukwe alifika, kitambaa kipya kichwani, binti nyuma yake na mukeka kichwani. Mukeka niliuona kabla ya kuona binti. Mama mukwe hakwenda jikoni. Alikaa kwanza kwenye kiti chake, mutu mukubwa hakimbilie kuangalia. Akapumua. Akageuza kichwa. Pale karibu na shavu lake, ulimi wa bati.

"Hii nini inanitolea ulimi?"

Bwana yangu alishika kalamu zake za kifuani, moja moja. Mama yake alimuangalia, akaangalia shimo, na nikaona macho yake yanaanza kuelewa. Mama anamujua mutoto wake. "Ulikosea kupima," alisema. "Lavabo haikuingia. Mukatoboa ukuta wa serikali."

Fundi alikuwa amesimama kwa mulango na sahani yake ya wali juu ya kiganja. Aliiweka chini. Mutu yule ambaye alitangaza makosa ya viti mbele ya wageni, alisafisha koo.

"Hapana, Mama. Ni mimi nilimutuma Papa Zawadi anunue ndefu. Nilitaka ipite mu ukuta."

"Juu ya nini?"

"Juu yako, Mama. Mutu mukubwa akimaliza kula, asingoje mutu kumuinamia, asisimame. Anaweka sahani hapa. Inaenda yenyewe."

Uso wake ulikuwa mwekundu kama mbao. Uongo ulimuuma kama viatu vya mutu mwingine. Lakini aliusema wote, mpaka mwisho, bila kutoa vingt.

Mama mukwe alichukua kikombe chake. Akakiweka kwenye ulimi. Mimi nilikuwa nimepita jikoni, nasimama, mugongo umenyooka, nikakivuta, nikakiosha, nikakirudisha kinang'aa. Hakuona kitu ila mukono. Akaweka sahani. Ikaenda. Akaweka kijiko. Kikaenda. "Eeh!" alisema. Akaweka kikombe tena, na hakikuwa kimechafuka. Mara ya ine alikuwa anacheka, lakini haikuwa kicheko kile cha zamani.

Halafu aliinuka, akaingia jikoni. Aliniangalia ninavyopiga bugali kwenye mbabula ya chini na mabega, nageuka, naosha na viwiko, nafika kabati ya juu bila kuinua kisigino. Alipima na macho yake, na macho yake yalikuwa metre nzima. Nilimutengea bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Akala akamaliza. Akamuita binti.

"Kula vizuri. Kesho tunarudi."

Yule binti alinifuata jikoni, akanishika mukono na mikono miwili. "Maman, aksanti sana," alinong'ona. "Mimi niko na mutu yangu Minova. Nilikuwa nalia njia yote." Nikamujazia sahani tena. Ule mukeka wake ndio ulitoka kwangu asubuhi, haukufunguliwa kamba.

Miezi iliyofuata mutaa wote ulitaka ulimi. Wanawake walifika kwa kuangalia tu, wanaweka sahani, wanacheka, wanarudi kugombana na mabwana wao. Fundi alitoboa kuta mpaka watu wakasema Nyalukemba itaanguka ziwani. Kwa wenye jikoni kubwa alikataa: "Ya kwako haina haja." Walikasirika, walitaka tu. Mama mukwe alianza kufika mara nyingi kuliko zamani, na alileta wamama wenzake kuwaonyesha kile ambacho fundi wa Bukavu alimufikiria yeye. Bwana yangu hakusema kitu juu ya ile siku. Lakini kila Noeli alipeleka Kadutu jogoo, mwenyewe, kwa miguu. Mara moja nilimuuliza jogoo ni ya nini. Akasema: "Ya sentimetre." Basi.

Miaka mingi ilipita, Zaïre ilikuwa ingali Zaïre, lakini sisi tulikuwa tumezeeka. Bwana yangu alitoka biro. Mwaka ule miguu ilimukataza kupanda Kadutu, nikamubeba jogoo mimi.

Nilikuta watu uani wanasimama, majirani wamama wawili, watatu, na katikati yao bibi ya Fundi na mikono kiunoni. Fundi alikaa juu ya gogo. Nywele nyeupe, kalamu ndani yake.

"Mama Zawadi, karibu, uingie uone!" bibi yake alinivuta. "Miaka makumi nangojea! Ameacha za batu, akafanya ya kwangu. Uone fundi mukubwa!"

Niliingia. Lavabo ya kweli, urefu wa viwiko vyake, mbabula chini yake kidogo, ya kupigia na mabega. Mbao nyekundu, milango ya mistari, nafasi ya vidole vya miguu. Kazi nzuri kuliko yangu, na mimi sisifu bure. Lakini kule mwisho, kati ya kabati na ukuta, kulibaki nafasi tupu. Nyembamba, ndefu, inakutazama.

"Batu banakuya kuangalia jikoni ya Fundi," bibi yake alisema, "bananiuliza: ile shimo ni ya nini? Na yeye ananyamaza. Anasema nini? Yeye haweze uongo!" Wamama walicheka. Mumoja akasema: "Uzee, mama. Macho imeisha." Fundi alikuwa amefika kwa mulango, alisikia. Aliangalia chini.

Juu ya kabati niliona metre. Mupya, ya chuma, ya kuvuta, nzima. Watoto wao waliituma kutoka Kinshasa. Ilianza na moja. Niliweka mukono wangu ndani ya ile nafasi, shubiri ikajaa, na sikuhitaji kupima. Niliona yote: muzee anapima ukuta wake na metre nzima, anasoma namba, na mudomo wake peke yake, baada ya miaka yote ile, unasema litania yake, toa vingt.

Aliniangalia. Alijua ninajua.

Mimi ni mwanamuke mukali, watoto wangu watawaambia. Uongo niliupiga fimbo ndani ya nyumba yangu. Niligeuka, nikaweka mikono kiunoni mimi pia.

"Ni mimi nilimuambia aache hiyo nafasi."

"Weye?"

"Mimi. Kwangu haiko, na ninajuta mpaka leo. Lungo yako ya kupepetea unaiweka wapi?"

Bibi yake akaonyesha musumari juu ya mulango. "Pale. Inaangukiaka batu kichwani."

"Ilete."

Akashusha lungo. Nikaisimamisha, nikaisukuma. Iliingia mule kama barua ndani ya bahasha, na ile mbao ya kukatia ikaingia kando yake, na mwiko mukubwa pia. Wamama walisema "Eeh!" kwa sauti moja, sauti ile ile ya mama mukwe wangu. Bibi ya Fundi aliitoa, akaiingiza, akaitoa, akaiingiza. Halafu akamugeukia bwana yake, na sauti ilikuwa ingine: "Na weye unanyamaza tu! Si ungesema?" Yule aliyesema macho imeisha alikuwa tayari anauliza kama Fundi anaweza kumutengenezea jikoni yenye nafasi ya lungo.

Nilikaa kidogo, nikala, nikaaga. Fundi alinisindikiza polepole mpaka kwa barabara, pale ziwa linaonekana chini. Alisimama.

"Maman, umesema uongo."

"Ndiyo," nikamujibu. "Sentimetre vingt tu."